Jinsi Ushikaji wa Simu Unavyoathiri Upatikanaji wa Mtandao

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wengi wanaoishi mbali na minara ya mawasiliano wanaifahamu hali hii: simu ikiwa mezani inaonesha kuwa mtandao upo, lakini ikishikwa na kuwekwa sikioni, mazungumzo yanakatika. Lawama huelekezwa kwa kampuni ya simu, ilhali wakati mwingine chanzo ni kiganja cha mtumiaji mwenyewe.

Simu hutuma na kupokea mawimbi ya redio kupitia antena. Zamani antena ilichomoza juu ya simu. Siku hizi imefichwa ndani, na katika simu nyingi ile kuu ipo sehemu ya chini, panapokaa kiganja. Mkono huathiri antena hiyo kwa njia mbili. Kwanza, mwili wa binadamu una maji na chumvi, hivyo hufyonza sehemu ya mawimbi. Pili, mkono ukiikaribia antena, huihamisha kutoka kwenye masafa iliyotengenezwa kuyapokea vizuri.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa simu ya iPhone 4, iliyotoka Juni 2010. Antena yake ilikuwa ukanda wa chuma uliozunguka ukingo wa simu, na watumiaji walioshika kona ya chini kushoto waliona mtandao ukishuka. Julai mwaka huo, kampuni ya Apple ilitangaza kuwapa wateja kava bila malipo, ili mkono usiguse chuma hicho.

Karibu na mnara, upungufu huo hauonekani kwa kuwa mawimbi yana nguvu ya ziada. Pale mtandao ulipo hafifu, upungufu mdogo unatosha kukata simu. Aidha, simu hulazimika kuongeza nguvu ya kurusha mawimbi, na chaji huisha mapema.

Kwa hiyo, mwananchi anashauriwa kushika simu kwa vidole sehemu za pembeni bila kufunika upande wa chini, kutumia spika ya nje simu ikiwa mezani au dirishani, na kuepuka kava zenye chuma. Iwapo mtandao bado ni hafifu, ageuze simu au abadilishe mkono.

Hatua hizi ni ndogo, lakini kwa anayepiga namba ya dharura 112 usiku akiwa mbali na mnara, zinaweza kuamua kama sauti yake itasikika.