Umeitwa kwenye usaili? Sali, kisha jiandae



Kila majina ya walioitwa kwenye usaili yanapotangazwa, vijana hufika ofisi ya parokia kuomba baraka. Wengine huandikisha nia ya Misa. Nawabariki kwa moyo wote, kisha nawauliza swali dogo: tangazo la kazi umelisoma mara ngapi? Wengi hunyamaza. Wengine hujibu, "Baba, mimi nimemwachia Mungu."

Ni jibu zuri la imani. Lakini tujiulize leo, tumemwachia Mungu nini? Sehemu yake, au hata ile aliyotupa sisi tuifanye?

Fungua Kitabu cha Nehemia, sura ya kwanza na ya pili. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani. Aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia, akafunga na kusali. Kuanzia mwezi wa Kislevu hadi Nisani ni kama miezi minne. Siku moja mfalme akamwona ana huzuni, akamuuliza anataka nini. Nehemia mwenyewe anakiri kwamba aliogopa sana. Akamwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akajibu.

Sasa angalia majibu yake. Mfalme alipouliza safari itachukua muda gani, Nehemia alimtajia muda. Aliomba barua kwa watawala wa ng'ambo ya Mto ili wampe njia. Aliomba barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango na ya ukuta. Alijua jina la mhusika, alijua mahitaji, alijua kiasi cha kazi. Mtu hayajui hayo kwa kubahatisha. Ile miezi ya sala ilikuwa pia miezi ya kufikiri na kupanga. Na alipofanikiwa hakujisifu. Alisema mkono mwema wa Mungu ulikuwa juu yake. Ukuta ule ulikamilika kwa siku 52.

Najua wapo wanaoshika Mathayo 10:19, pale Yesu anapowaambia mitume wasihangaike watakavyosema. Tusome vizuri. Pale Bwana anazungumza na watu watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya watawala kwa sababu ya jina lake. Ni ahadi kwa wanaoteswa, si ruhusa kwa msailiwa kulala bila kusoma.

Basi, wewe uliyeitwa, fanya sehemu yako. Lisome tangazo neno kwa neno, hasa majukumu ya kazi. Kwa kila jukumu jiulize: nimewahi kufanya nini kinachofanana na hiki? Hata kama ni kutunza hesabu za jumuiya ndogondogo au kuongoza vijana wa VIWAWA, hiyo ni kazi, ieleze. Ifahamu taasisi inayokuita. Jizoeze kujieleza kwa sauti mbele ya ndugu yako, kwa dakika mbili tatu, bila kuzunguka.

Andaa na nyaraka. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hurudia jambo hili katika matangazo yake: njoo na vyeti halisi na kitambulisho, hati za matokeo hazikubaliwi. Inasikitisha kijana akisafiri kutoka Kigoma hadi Dodoma kwa nauli ya kukopa, halafu akazuiwa mlangoni kwa sababu cheti cha kuzaliwa kimebaki nyumbani. Majina yako kwenye vyeti yakitofautiana, lishughulikie mapema.

Mavazi nayo si majivuno. Yusufu alipotolewa gerezani kwenda mbele ya Farao, alinyoa na kubadili nguo (Mwanzo 41:14). Nguo safi iliyopigwa pasi inatosha, hata kama ni ya kuazima.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni ukweli. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui. Usijipe uzoefu ambao huna, usinunue cheti, usimpe mtu bahasha. Njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma zaidi ya 9,000 wakiwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wengi walikuwa na familia zilizowategemea. Na hata asipokukamata mtu, utaombaje mkate wako wa kila siku kwa Baba, huku ukijua mkate huo ulikuwa wa mwenzako mwenye sifa halali?

Neno kwa wazazi na waamini wengine. Usaili wa kijana mmoja ni mzigo wa wote. Msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi. Jumuiya inayochangia harusi inaweza pia kuchangia nauli, au kumtafutia mahali pa kulala kwa waamini wenzetu mjini. Nanyi mwalimu mstaafu, mhasibu, muuguzi, mketisheni kijana huyo jioni moja mumuulize maswali. Hiyo ni sadaka ambayo haihitaji pesa.

Na ukikosa? Utaumia, na kuumia si dhambi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Anaweza kukosa hata aliyejiandaa vizuri. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Hadhi yako haikutolewa na jopo la wasaili, kwa hiyo jopo haliwezi kuichukua. Rudi nyumbani, andika maswali yaliyokushinda, uyafanyie kazi. Wazazi, msimpokee kijana huyo kwa maneno ya kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Wiki hii, uliyeitwa, pokea baraka. Ukimaliza kusali, chukua tangazo la kazi ulisome tena.

Nawatakia Dominika njema.