Maji ya Ziwa: Kipindupindu na Kichocho

Leo tunazungumza hasa na wenzetu wa Dunga, Usoma, Mbita, Usenge na bichi zote ambako ndoo ya maji ya nyumbani hujazwa ziwani.

Maji ya ndoo hiyo moja yanaweza kuleta magonjwa mawili yasiyofanana hata kidogo. Mmoja unaweza kumuua mtu kabla jua halijatua. Mwingine hukaa kimya ndani ya mwili kwa miaka, na mama husema mtoto ni mvivu tu. Wa kwanza ni kipindupindu, unaoletwa na bakteria. Wa pili ni kichocho, unaoletwa na mnyoo, yaani kimelea. Ukielewa tofauti ya wadudu hawa wawili, utajua ni kwa nini kuchemsha maji ya kunywa kunazuia ugonjwa mmoja na hakuzuii mwingine.

Tuanze na bakteria. Huyu ni mdogo mno, haonekani kwa macho. Huingia kwa mdomo: katika maji, katika chakula, katika mkono ambao haukunawiwa baada ya choo. Wengi hufa kwa asidi ya tumbo. Wachache wakipona, hufika kwenye utumbo mwembamba na kuanza kuzaana. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, na baada ya muda mfupi ni mamilioni. Hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi ya mwili. Ndiyo sababu mgonjwa huhara choo kama maji yaliyooshea mchele. Kwa hiyo kinachoua ni kukauka kwa mwili. Dalili zinaweza kuanza saa chache baada ya mtu kumeza viini, au siku 5 baadaye.

Wazee wa huku wanaukumbuka mwaka wa 1997. Kuanzia Juni mwaka huo hadi Machi 1998, wagonjwa 14,275 wa kipindupindu walilazwa katika hospitali za Nyanza, na 547 wakafariki. Hao ni karibu watu 4 katika kila 100. Wachunguzi walipowalinganisha wagonjwa na majirani wao wazima, waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa kwa waliokunywa maji ya ziwa au ya kijito, waliokula pamoja na mtu anayehara, na waliokula kwenye matanga. Hilo la matanga linauma kulisema, maana hakuna asiyetaka kumzika mwenzake kwa heshima. Lakini hakuna aliyekatazwa kwenda kuzika. Kinachohitajika ni maji na sabuni mahali pa kula, chakula kiliwe kikiwa moto, na anayehara asipike.

Mtoto akianza kuhara maji, usingoje asubuhi. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, hapo hapo. Soma pakiti, kwani nyingine ni za lita moja na nyingine za nusu lita. Sukari iliyomo huisaidia chumvi na maji kupenya utumbo, hata wakati sumu inafanya kazi yake. Endelea kumnyonyesha. Mnyweshe mkiwa njiani kuelekea kituo cha afya, ambako pia atapewa zinki.

Sasa tuje kwa mnyoo wa kichocho. Huyu hana haja ya kunywewa. Mtu mwenye kichocho akienda haja karibu na maji, mayai ya mnyoo huingia ziwani na kuanguliwa. Kilichoanguliwa hutafuta konokono mdogo anayeishi kwenye majani ya pembeni na kwenye magugu maji. Ndani ya konokono huongezeka, kisha hutoka kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali, na kuogelea kutafuta ngozi ya binadamu. Hupenya kwa dakika chache. Mtoto anaweza kuwashwa kidogo, au asihisi lolote.

Kwa hiyo mama aliyechemsha maji yote ya kunywa, kisha akamwogesha mtoto kwa maji ya ziwa katika beseni, bado amemweka mtoto hatarini. Watafiti waliowapima watoto wadogo wa Usoma, karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, walieleza mwaka wa 2011 kwamba hata wasiofika umri wa shule walikuwa tayari na kichocho. Watoto hao hawakwenda kuvua samaki. Wengi wa umri huo hupelekwa majini na mama zao wanapofua na kuchota.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Minyoo ya kichocho haizaani ikaongezeka ndani ya mwili. Kila mnyoo ulio ndani uliingia wenyewe kupitia ngozi, kwa hiyo kila siku mtoto asipoingia ziwani ni minyoo michache zaidi. Wanachotoa ni mayai, na jike mmoja anaweza kutaga mamia kwa siku. Mengine hutoka na choo. Mengine hukwama kwenye ini na utumbo na kuacha makovu. Mtoto huumwa na tumbo, choo huwa na damu, hukosa nguvu, na watu husema ni ameba. Miaka ikipita ini na wengu huvimba, na mtu anaweza kutapika damu.

Maji ya kuoga yakiwekwa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, bila konokono ndani, vimelea hao hufa. Ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa. Choo chenye shimo, kikitumiwa na kila mtu pamoja na watoto wadogo, huzuia magonjwa yote mawili.

Dawa ya kichocho ni praziquantel, nayo hupimwa kwa uzito au kwa urefu wa mtoto. Huua minyoo mikubwa lakini haimalizi michanga, na haizuii kuambukizwa tena. Ndiyo maana hurudiwa. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze kutolewa kwa watoto wa miaka 2, na mwaka wa 2024 likaidhinisha ubora wa kidonge cha kuyeyusha majini kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Uliza kwenye zahanati yako kama kimefika.

Mama wengi hutuuliza kwa nini mtoto alitapika au kuumwa na tumbo baada ya kumeza dawa hiyo shuleni. Mara nyingi alikuwa hajala. Siku ya dawa, mpe uji mzito au chakula kabla hajatoka nyumbani.