Tuoshe Injini ya Gari Letu Bila Hatari

Katika matembezi yetu tumeona kwamba vikundi vingi sasa vina pikapu ya kubebea maziwa, mboga au mahindi. Gari hilo limenunuliwa kwa jasho la wengi, shilingi kwa shilingi. Lakini ukifungua boneti unakuta oili, grisi na vumbi vimeshikana kama ukoko wa ugali kwenye sufuria.

Kikundi kimoja kilimwachia taniboi kazi ya kuosha injini. Gari lilikuwa limetoka sokoni sasa hivi tu. Kijana akamimina petroli kwenye kopo, akachovya brashi, akaanza kusugua. Moto ulilipuka mara moja. Gari liliokolewa kwa mchanga, lakini mkono wa kijana uliungua vibaya na bili ya hospitali ikamaliza akiba ya kikundi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Shida ni kwamba hakuna aliyemweleza mapema.

KWA NINI TUOSHE?

Injini chafu huficha mahali oili inapovujia. Pia oili ikifika kwenye mkanda wa feni, mkanda huteleza na kuharibika. Na grisi iliyorundikana karibu na eksosi inaweza kushika moto barabarani.

KWA NINI SI PETROLI?

Petroli hutoa mvuke unaowaka hata wakati wa baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa chini mpaka kwenye jiko la mama jirani. Cheche ndogo ya betri yatosha. Mafuta ya taa hayashiki moto upesi hivyo, lakini eksosi ya injini iliyotoka safari inaweza kupita digrii 300. Hapo hata mafuta ya taa yatawaka yenyewe bila kiberiti.

TUFANYE HIVI

1. Tungoje injini ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu yake bila kuondoa. Afadhali kazi ifanywe asubuhi kabla gari halijatoka. Kifuniko cha redieta kisifunguliwe injini ikiwa moto.

2. Gari liwe nje, mbali na jiko, sigara, kisima na mto. Breki ya mkono ivutwe na ufunguo utolewe. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Moto wa mafuta haumwagiwi maji, kwa maana maji huusambaza.

3. Tufungue waya za betri, tukianza na ile ya hasi (–).

4. Tufunike kwa mfuko wa nailoni na kufunga kwa kamba: mahali pa kuingilia hewa, alternata, sanduku la fyuzi, na distributa kama ipo. Magari ya siku hizi yana kompyuta ya injini. Hiyo nayo isiguswe na maji. Tuhakikishe kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia oili vimekazwa.

5. Tutandaze nailoni na vumbi la mbao chini ya gari. Kisha tukwangue grisi nzito kwa kijiti cha mti na kuitia koponi.

6. Tusugue kwa brashi na sabuni ya unga iliyokorogwa katika maji ya vuguvugu. Pahali pagumu, tambara lenye mafuta ya taa kidogo linaweza kusaidia, kisha pasuguliwe tena kwa sabuni. Mikono ivae glavu. Tusitumie kostiki soda: hula alumini na kuchoma ngozi.

7. Tusuuze kwa tambara lenye maji au kopo dogo. Bomba lenye nguvu hupeleka maji ndani ya waya.

8. Tupanguse, tutoe nailoni zote, na kuacha boneti wazi juani kwa saa mbili hivi. Betri ifungwe ikianza waya ya chanya (+). Ukisikia bado harufu ya mafuta ya taa, usiwashe gari.

Baada ya siku chache tufungue boneti tena. Penye oili mpya ndipo panapovuja. Kuosha si kutengeneza. Hapo tumwite fundi.

UCHAFU UENDE WAPI?

Usiende mtoni. Maji hayo ndiyo jirani wa chini anayochota na kunywesha ng'ombe, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuyachafua. Vumbi la mbao na grisi vitiwe kwenye debe lenye kifuniko, na kupelekwa kwenye gereji inayopokea oili chafu.

Jambo la mwisho, akina mama na akina baba: mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hudhani ni kinywaji. Akinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa, kwa sababu akitapika mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitalini.

MASWALI YA KUJADILIANA

– Katika kikundi chetu ni nani huosha gari, na tumemfundisha nini?
– Maji yetu machafu huishia wapi?
– Tukipatwa na moto leo, mchanga uko wapi?