Siku Kumi za Kurudi Windows ya Zamani

Wateja wangu wengi ni wazee. Wamezaliwa Tanga, Mombasa, Kampala au Bukavu, maisha yakawafikisha kwenye maghorofa ya Flemingdon Park na Thorncliffe Park, hapa Toronto, na kompyuta zinapowasumbua hunipigia mimi kwa kuwa tunaelewana kwa Kiswahili. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, malalamiko yao yanafanana: "Mwanangu, nilibonyeza tu pale nilipoambiwa nibonyeze."

Mzee mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu, ana skana kuukuu anayotumia kunakili picha za ukoo wake. Alipohamia Windows 11, skana ikanyamaza. Walioitengeneza walikwisha acha kuiandikia draiva, yaani ile programu ndogo inayoziwezesha skana na kompyuta kuelewana, na Windows 11 ina ulinzi unaozikataa baadhi ya draiva za kizamani. "Nirudishie kompyuta yangu ya jana," akaniambia. Baada ya shikamoo nilikuwa na swali moja tu: alibadilisha lini?

"Ijumaa iliyopita, nilipotoka msikitini."

Basi tulikuwa na nafasi. Windows 11 inapowekwa juu ya Windows 10 haiifuti ile ya zamani. Huihamishia kwenye folda iitwayo Windows.old, inayokula gigabaiti nyingi za diski, na kuihifadhi kwa siku 10. Zikipita, kompyuta huitupa yenyewe. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 muda huo ulikuwa siku 30. Mwaka uliofuata ukapunguzwa. Kwa maoni yangu siku 10 ni chache mno. Anayetumia printa mara moja kwa mwezi atajuaje kuwa imegoma? Fundi anaweza kurefusha muda hadi siku 60 kwa amri moja ya kuandika, ila sharti aiandike kabla zile 10 hazijaisha. Na umwonye mjukuu mwenye bidii ya "kusafisha" diski: akifuta mabaki ya Windows ya zamani ili kupata nafasi, amekufungia njia.

Ukiwa bado ndani ya muda, chomeka chaja, fungua Settings, ingia System, kisha Recovery, na hapo utaiona Go back. Picha na barua zako hubaki. Programu ulizoweka baada ya kuhama hupotea, na utaingia kwa neno la siri ulilokuwa nalo zamani. Hata hivyo mimi sigusi kitu kabla sijanakili kila faili kwenye diski ya nje. Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 liliwafutia baadhi ya watu mafaili yao, hata Microsoft ikalisimamisha. Tafuta pia ufunguo wa BitLocker, ule wa tarakimu 48. Kompyuta nyingi siku hizi huzifunga diski zake kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na siku kompyuta itakapoudai ufunguo huo hakuna fundi atakayeweza kukubunia.

Muda ukipita, kinachobaki ni kupiga Windows upya, kama wasemavyo mafundi wa Dar es Salaam: flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, diski yote inafutwa, programu zinarudishwa moja moja. Leseni kwa kawaida haisumbui, maana kompyuta iliyokuwa na Windows 10 halali hutambuliwa ikiunganishwa na intaneti. Wenye Mac za sasa waelewe kwamba hazishuki chini ya toleo zilizotoka nalo kiwandani.

Wapo wanaoona haya kurudi nyuma. Hakuna haja. Windows Vista ilipoingia madukani Januari 2007, watu wengi waliikimbilia tena Windows XP iliyoitangulia, na Microsoft yenyewe iliwaruhusu wenye kompyuta zilizokuja na Vista Business na Ultimate kufanya hivyo bila kununua leseni nyingine.

Safari hii, lakini, kurudi kuna gharama yake. Windows 10 haipati tena marekebisho ya usalama, isipokuwa ujiandikishe kwenye mpango wa nyongeza unaofikia 13 Oktoba 2026. Ni dola 30 za Marekani, au bila malipo ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mwalimu wangu nilimrudisha, nikamwandikisha, na nikamsihi mambo ya benki ayafanyie kwenye simu. Skana inafanya kazi. Mpango huo ukiisha, kompyuta ile itabaki na picha zake tu, bila intaneti.

Kama umebadilisha mfumo wiki hii, usingoje hadi shida ikufike. Leo hii washa printa, skana, kamera na kila programu unayoitegemea, ujue mapema kipi kimegoma.