Usaili wa vyuo vikuu Uingereza na kuchagua nafasi: machache kwa wazazi na vijana wetu



Kila unapoingia mwezi wa Septemba simu yangu haitulii. Huyu mwanawe anataka udaktari, yule bintiye ameambiwa na walimu ajaribu Cambridge, wa tatu anauliza, "Hivi hiyo UCAS ni chuo gani?" Nimeishi nchi hii miaka mingi, nafundisha, na nimeketi upande wa pili wa meza ya usaili mara kadhaa. Nimeona bora niyaandike haya mara moja kwa urefu kuliko kuyarudia kwa kila mtu. Nazungumzia England hasa, sababu ndiko ninakokujua. Scotland wana mambo yao. Walioko Marekani watanisamehe. Walioko Ghuba wenye pasipoti za Uingereza wasiondoke, lao lipo hapa chini na ni zito.

Nianze na ada, maana wengi huanza na jina la chuo halafu wakakwama kwenye ada. Ada ya mwenyeji kwa shahada ya kwanza ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka kuanzia 2017, na kwa mwaka wa masomo 2025/26 ikapanda hadi 9,535. Mgeni hutozwa kadiri chuo kinavyotaka, na mara nyingi ni mara mbili, mara tatu, au zaidi ya hapo. Sasa nani mwenyeji? Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Pasipoti peke yake haitoshi. Kwa kawaida mtoto awe na haki ya kudumu ya kuishi nchini, na tena awe ameishi hapa kwa kawaida miaka 3 kamili kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Mzaliwa wa London aliyehamia Maskati na wazazi wake akiwa na miaka 10, akirudi kusoma akiwa na 18, anaweza kuhesabiwa mgeni na pasipoti yake mfukoni. Na wale tunaowapeleka watoto Unguja au Mombasa "wakapate adabu" wakiwa na miaka 15, jamani, fanyeni hesabu kwanza. Ipo njia ya kueleza kwamba kuondoka kulikuwa kwa muda tu, lakini wa kuthibitisha ni wewe, kwa karatasi, si kwa maneno.

Kwa upande mwingine wapo vijana waliokulia hapa na makaratasi yao hayajakamilika. Hawa wamjue Beaurish Tigere, binti aliyezaliwa Zambia akaletwa Uingereza 2001 akiwa na miaka 6, akasoma vizuri, halafu akanyimwa mkopo wa masomo kwa kuwa hakuwa na kibali cha kudumu. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu na mwaka 2015 akashinda. Baada ya hapo kanuni zikalegezwa: aliyeishi hapa miaka 7 akiwa chini ya miaka 18, au nusu ya umri wake akiwa amefika 18, anaweza kuingia katika mkopo na ada ya wenyeji, bora miaka 3 ya mwisho awe amekaa kihalali. Kijana mmoja tunayemjua sote hapa mtaani alikuwa ameshakata tamaa na kwenda zake kufanya kazi ghalani. Hakuna aliyemwambia habari hii mpaka alipofika miaka 21.

Na mkopo wenyewe una riba. Mimi si mufti na sitamtolea mtu fatwa. Ninachojua ni kwamba serikali iliuliza maoni ya watu juu ya mkopo usio na riba mwaka 2014, sheria ya kuuruhusu ikapita 2017, na walioingia chuo 2025 walikuwa bado hawajaupata. Mkopo uliopo, kwa walioanza Agosti 2023 na kuendelea, hulipwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na baada ya miaka 40 kilichobaki husamehewa. Familia inayoukataa ikae ikubaliane mapema, kabla ya kujaza fomu, sababu jibu hilo ndilo litakaloamua kama mtoto asome karibu na kwao alale nyumbani. Nimeona baba anasema "riba hapana" mwezi wa Juni, wakati mtoto ameshachagua vyuo vya mbali vyote vitano. Hilo si jambo la kumtupia mtoto wakati huo.

Haya, UCAS. Si chuo, ni ofisi moja inayopokea maombi ya vyuo vyote. Una nafasi 5. Udaktari wa watu, wa meno na wa wanyama mwisho ni 4. Huruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Kwa hivyo viwili pamoja na udaktari, mwisho ni tarehe 15 Oktoba saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo kwa walioko Oman ni saa 3 usiku. Wengine wana mpaka Januari. Na yale maelezo binafsi ambayo kaka zao waliyaandika kama insha moja, kwa wanaoingia kuanzia 2026 yamekuwa maswali 3, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi. Kwa hiyo asinakili ya kaka yake.

Sasa usaili, na hapa nataka tukae kidogo.

Mtoto tumemlea kwamba mkubwa akisema, yeye husikiliza. Hamkazii macho mwalimu, hamkatizi, na hata akijua mkubwa amekosea atatafuta njia ya kuzunguka. Malezi mazuri, siyaondolei thamani. Lakini mle ndani ya chumba cha usaili mwalimu anaweza kusema neno lenye upungufu makusudi ili aone kama kijana ataligundua. Wetu anaitikia, "Ndiyo, ni kweli." Mwalimu anaongeza jingine. "Ndiyo." Dakika 20 zimekwisha na hakuna kilichoandikwa. Nimeliona hili kwa watoto wenye akili hasa, ukisoma karatasi zao unastaajabu, na ukiwasikia unadhani ni mtu mwingine.

Dawa si kumfundisha mtoto ujuvi. Barazani wazee wetu hubishana juu ya siasa, nahau na nasaba mpaka kahawa ikapoa, na hakuna anayemwona mwenzake hana adabu. Adabu ya kubishana tunayo, tatizo ni kwamba watoto hatuwakaribishi. Mkaribishe. Baada ya chakula mwache ami yake amuulize jambo, ajibu, kisha apingwe, ajitetee au arudi nyuma. Afundishwe maneno ya kupita katikati: "Nakubali mpaka hapo, lakini kama ni hivyo, mbona…" Na ajue kwamba kusema "nadhani nilivyosema mwanzo hakusimami, ngoja nijaribu njia nyingine" mle ndani ni sifa. Mazoezi ya namna hii jioni 10 yanashinda zile kampuni zinazotoza mamia ya pauni.

Nitoe mfano. Oxford wamekuwa wakiyatoa hadharani maswali ya kupigiwa mfano, na moja la biolojia ni kwa nini wanyama wengi wana milia. Mtoto wetu atamkumbuka punda milia, na sawa. Atasema, "Kujificha." Ataulizwa: mbona punda milia hukaa mbugani peupe? Atasema, "Basi labda ni kwa ajili ya nzi." Vizuri, ungelipimaje hilo? Hapo ndipo usaili unapoanza. Kuna watafiti waliochapisha kazi yao 2019 ambao waliwavalisha farasi wale wale, kwa zamu, majoho yenye milia na majoho ya rangi moja, wakahesabu nzi waliotua. Kwenye milia walitua wachache zaidi. Lakini mtoto hahitaji kuijua kazi hiyo. Anayeijua akaitapika hapati zaidi ya yule asiyeijua ila akafikia mwenyewe, kwa sauti, kwamba inabidi farasi wawe wale wale na kinachobadilika kiwe nguo tu.

Wanaoomba isimu wana bahati ya ziada. Huwekewa sentensi za lugha wasiyoijua na kuambiwa watafute utaratibu wake. Aliyekua na "kitabu kikubwa kimeanguka, vitabu vikubwa vimeanguka" anajua tayari kwamba jina linaweza kukokota sentensi nzima nyuma yake. Hii ni kwa wanaojibu kwa Kiswahili. Wanaosikia tu na kujibu kwa Kiingereza, na wamejaa majumbani mwetu, itabidi waazime.

Jingine ni huu unyenyekevu wa "sisi". Kijana anaulizwa alifanya nini pale alipojitolea, anajibu "tulipanga, tulifanya, tulifaulu". Msaili anamtafuta yeye na hamwoni. Aseme "mimi nilipewa kazi hii, nikaifanya hivi", hiyo si majivuno.

Udaktari una namna yake. Vyuo vingi hutumia vituo: mtoto anasoma swali mlangoni, anaingia, anapewa dakika chache, kengele inalia anahamia kingine. Na kabla ya hapo upo mtihani wa UCAT wa kiangazi, kwani ule wa BMAT ulifanywa mara ya mwisho 2023. Mtego kwa watoto wetu upo kwenye maswali ya maadili. Mgonjwa mtu mzima, akili timamu, anakataa kuongezewa damu. Ufanyeje? Wetu anajibu kwa moyo safi: "Ningemwita mumewe na wazee wazungumze naye." Kwetu hiyo ni huruma. Kwao umeshaivunja siri ya mgonjwa na kumnyang'anya uamuzi wake. Nguzo nne wanazotazamia ni zile za Beauchamp na Childress katika kitabu chao cha 1979: uhuru wa mgonjwa kuamua, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Asizikariri kama shairi. Aanze kwa kutaka kujua mgonjwa anaogopa nini na ameelewa kiasi gani, halafu amuulize *yeye* kama angependa jamaa zake wawepo.

Hapo hapo watoto wetu wana hazina wasiyoitumia. Wangapi wamemtafsiria bibi hospitali tangu wana miaka 9? Mweleze msaili! Eleza siku ulipopunguza ukali wa neno la daktari ili bibi asishtuke, na kwa nini leo unaelewa sababu ya hospitali za hapa kutakiwa kutumia wakalimani wa kazi badala ya wajukuu. Jibu hilo halipatikani katika kitabu chochote cha mazoezi.

Tangu 2020 usaili wa Oxford hufanywa kwa kompyuta, na Cambridge nao kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo siku hiyo wageni wa mchana waambiwe wasije, na ndugu zake wasishinde na michezo ya intaneti.

Majibu yakija, atabaki na nafasi mbili: moja thabiti na moja ya akiba. Nyingine zote anazikataa. Akitimiza masharti ya ile thabiti amefungwa nayo, hiyo ya akiba inaanguka. Tarehe ya mwisho ya kujibu huonekana kwenye ukurasa wake mwenyewe. Ikipita hajajibu, zote zinahesabiwa amezikataa.

Binti wa jamaa yangu mmoja alikuwa na nafasi tatu za sheria. Mbili zilitaka A*AA, na ni vyuo vyenye majina makubwa. Ya tatu ilitaka ABB, chuo kisicho na jina barazani. Baba mtu alitaka zile kubwa mbili ziwekwe, moja thabiti, moja ya akiba. Nikamwambia, bwana, mwavuli wenye tundu mahali pale pale si akiba. Akikosa ya kwanza kwa alama moja, amekosa na ya pili. Tulivutana wiki nzima. Mwishowe mtoto mwenyewe akaweka ya ABB. Agosti akapata AAB. Chuo cha kwanza kikamkataa, cha akiba kikampokea, na alikuwa ameshakitembelea na kukipenda. Baba alinuna kidogo, ila aliuendesha mwenyewe mzigo wa mtoto mpaka mlangoni.

Kabla ya kuweka ile thabiti, aangalie masomo ya mwaka wa kwanza yanafanana na anachokitaka au ni jina tu, kama kuna mwaka wa kazi ndani yake, na chumba. Vyuo vingi huwahakikishia malazi waliokiweka chuo thabiti, na wa akiba hujitafutia.

La mwisho, tiketi. Alama za A-level hutoka Alhamisi moja katikati ya Agosti, wakati ambao nusu yetu tupo nyumbani kwa likizo. Majibu ya vyuo huonekana kuanzia kama saa 2 asubuhi ya Uingereza, saa 4 ya Unguja na Dar es Salaam. Aliyekosa lazima apige simu mwenyewe kutafuta nafasi zilizobaki, na nzuri haziketi. Chuo hakitazungumza na baba wala shangazi, ila yule ambaye jina lake mtoto aliliandika UCAS kuwa anaruhusiwa kumsemea. Basi ama likizo iwe Julai mrudi kabla, ama jina hilo liandikwe sasa, na simu ya mtoto iwe na salio la kupigia Uingereza.