Uimara na Uthabiti: Istilahi za Modeli za Kompyuta za Uti wa Mgongo

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, neno "uimara" huweza kubeba dhana mbili: ile ya kitu kisichovunjika, na ile ya kitu kisichoyumba. Makala haya yanaeleza kwa nini dhana hizo hazina budi kutenganishwa katika taaluma ya mekanika ya uti wa mgongo.

Jina lenyewe, "uti", hujenga picha ya nguzo moja. Kimaumbile, hata hivyo, uti ni mfuatano wa pingili. Juu ya mfupa wa sakramu kuna pingili 24: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Mwaka 1961, Lucas na Bresler waliupima uti wa maiti ulioondolewa misuli, ukabakia mifupa, diski na kano zake. Ulipolemewa kutoka juu, ulipinda ghafla kwa kani ya niutoni 20 hivi, yaani uzito wa kilo 2 tu. Kichwa cha mtu mzima huuzidi uzito huo. Pingili zilikuwa nzima. Kilichokosekana si uimara bali uthabiti.

Uthabiti huo hutokana na misuli. Mwaka 1989, Anders Bergmark wa Lund, Sweden, aliitazama misuli katika modeli yake kama springi: kadiri inavyokazwa, ndivyo ukakamavu wake unavyoongezeka. Katika modeli za aina hii, kompyuta hukokotoa nishati ya mfumo mzima. Iwapo kila msukumo mdogo huongeza nishati hiyo, uti hurejea mahali pake; iwapo upo msukumo unaoipunguza, uti huporomoka. Bergmark alitofautisha pia misuli mikubwa iungayo kifua na nyonga na misuli midogo ishikayo pingili za kiuno. Hata ile mikubwa ikiwa na nguvu nyingi, pingili moja isiyoshikwa vema yaweza kuuangusha mfumo wote. Lakini kukaza misuli kuna gharama yake, kwani huzidisha mgandamizo juu ya diski.

Kwa hiyo yafaa "uimara" uwe uwezo wa kutovunjika, "ukakamavu" uwezo wa kupinga mpindo, na "uthabiti" uwezo wa kurejea baada ya kusukumwa. Mwanafunzi anayetumia neno moja kwa dhana zote tatu atashindwa kueleza jinsi uti usiovunjika unavyoweza kuanguka.