Je, Wajua? Mtoto Akizaliwa, Ndoa Nayo Yataka Kulelewa

Mwaka 2000, mtafiti wa Marekani John Gottman na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wanandoa wapya kwa miaka kadhaa. Kati ya wake waliopata mtoto, takriban theluthi mbili waliona furaha ya ndoa ikishuka. Waliobaki hawakuwa na bahati tu. Waume zao waliendelea kuwaonyesha mapenzi waziwazi, na walijua yanayowasibu wake zao siku hadi siku.

Mwili nao una sababu zake. Anayenyonyesha hupungukiwa homoni ya estrojeni, hivyo hamu ya tendo la ndoa hushuka na uke huweza kuwa mkavu. Mume asidhani amechukiwa. Na huzuni ya baada ya uzazi haimpati mama peke yake: tafiti zinaonyesha baba mmoja kati ya kumi hivi huugua sonona katika kipindi hicho, na wengi hunyamaza.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 humpa baba likizo ya wiki mbili yenye malipo. Ile ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa siku tatu, chache mno kwa nyumba yenye kichanga.

Baba, bibi akija kusaidia arobaini, usijitoe. Amka usiku umbadilishe mtoto nepi, kisha muulize mwenzio ameamkaje, umsikilize hadi amalize. Huzuni ikizidi wiki mbili, nendeni kliniki pamoja.